Vielezi katika insha: namna ya kuwafundisha wanafunzi wa sekondari

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kukutajia vielezi vya namna, wakati, mahali na idadi bila kukwama, akakuonyesha chagizo, yaani sehemu inayoeleza zaidi kitenzi, katika sentensi yoyote utakayomwandikia ubaoni, kisha kesho yake akakuletea insha ambayo "sana" na "kabisa" zimejaa kila aya. Somo la sarufi limemwingia, ila halijafika kwenye kalamu yake. Kosa si lake peke yake. Vielezi hufundishwa kama orodha ya aina, hutahiniwa kama orodha ya aina, na siku ya insha hakuna anayevitaja tena.

Mwongozo huu unapendekeza vipindi vinne vya dakika 40, katika muda wa wiki mbili, vinavyotumia insha za wanafunzi wenyewe. Mifano mingi inalenga KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya, lakini mbinu ni zilezile kwa darasa la Dodoma au Zanzibar.

Kipindi cha kwanza: kukata

Walimu wengi huanza kwa kuongeza: wanafunzi wanapewa vielezi 20 na kuambiwa wavitumie kwenye insha. Matokeo yake ni vielezi 20 vilivyobandikwa tu. Anza upande wa pili. Chukua aya moja kutoka kwa insha za darasa, ondoa chochote kinachomtambulisha mwandishi, uiandike ubaoni au kwenye karatasi ya manila ukiacha nafasi kubwa kati ya mistari. Usichukue aya ya mwandishi maarufu. Wanafunzi wataistahi mno hata wasithubutu kuigusa, na hapa kazi yao ni kuigusa. Kama huna aya ya kufaa, itumie hii, ambayo ina takribani kila ugonjwa unaopatikana katika insha za masimulizi:

"Ghafla bin vuu nilisikia mlango ukigongwa kwa nguvu sana. Niliamka haraka sana kutoka kitandani na kutembea polepole kuelekea mlangoni. Nilifungua mlango taratibu na nikamwona mama amesimama nje. Alikuwa amelowa sana na alikuwa akilia sana kwa uchungu mwingi sana. Nilimuuliza kwa upole kilichotokea naye akanijibu kwa huzuni kuwa baba amelazwa hospitalini."

Isomeni kwa sauti mara moja. Kisha wape dakika 10, wawili wawili, wapigie mstari kila kielezi. Wengi watapigia mstari "haraka", "polepole" na "sana", wataruka "kutoka kitandani", "kuelekea mlangoni" na "kwa upole". Hapo ndipo pa kuwakumbusha kwamba kielezi huja kama neno moja, kama kirai, yaani fungu la maneno mfano wa "kwa upole", au kama kishazi kizima chenye kitenzi ndani yake, na kwamba katika insha virai na vishazi hufanya kazi kubwa kuliko maneno pweke.

Sasa kila kielezi kilichopigiwa mstari kiulizwe maswali matatu. Kwanza: je, kitenzi hakijalisema jambo hili? Pili: nikikifuta, msomaji anapoteza nini? Tatu: je, msomaji anahitaji kujua jambo jingine hapa, ambalo sijamwambia? Swali la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye faida kubwa.

Pitia aya pamoja nao. "Ghafla bin vuu" ni mazoea tu. Aliyelala hapewi taarifa kwamba mlango utagongwa, kwa hiyo kila kishindo kwake ni cha ghafla. Futa. "Kwa nguvu sana" inaweza kubaki kama "kwa nguvu", lakini "kwa ngumi" ni bora zaidi kwa sababu msomaji anaona mkono. "Niliamka haraka sana kutoka kitandani" yote imo ndani ya "nilikurupuka". Halafu kuna mgongano: mtu aliyekurupuka anatembeaje polepole? Mwandishi alitaka kusema kwamba aliogopa, ila hakusema. "Nikanyata" linasema polepole na hofu kwa pamoja. "Taratibu" inarudia "polepole" ya sentensi iliyotangulia. "Nje" haiongezi kitu, maana mlango ukifunguliwa kutoka ndani aliyebisha lazima awe nje. "Kizingitini" inaonyesha mahali hasa. "Kwa upole" na "kwa huzuni" zinasema lile ambalo msomaji ameshalijua, kwa kuwa hakuna mtoto atakayemfokea mama anayelia, wala habari ya baba kulazwa haitolewi kwa furaha.

Kisha swali la tatu: tunataka kujua nini ambacho hatukuambiwa? Darasa likitulia, mtu atauliza: alilazwa lini? Hapo mwandishi alitumia vielezi vingi vya namna akasahau kimoja cha wakati ambacho kingeisogeza hadithi. Aya inaweza kuishia hivi:

"Nilisikia mlango ukigongwa kwa ngumi. Nilikurupuka, nikanyata hadi mlangoni, nikachungulia dirishani kabla ya kufungua. Mama alikuwa amesimama kizingitini, amelowa chepechepe, akilia kwa kwikwi. Nilimuuliza kilichotokea. Akanijibu kuwa baba amelazwa hospitalini tangu alasiri."

Maneno yamepungua kutoka 50 hadi 32, na habari zimeongezeka. Waambie wanafunzi wahesabu wenyewe. Hesabu wanayoifanya wao huwaingia kuliko maelezo yako.

Tatizo hapa ni kwamba wachache watatoka darasani wakidhani kielezi ni dhambi, na insha inayofuata itakuwa kavu, vitenzi vitupu kama kumbukumbu za mkutano. Ndiyo maana ni muhimu uwaonyeshe vielezi vilivyobaki katika aya mpya: "kwa ngumi", "hadi mlangoni", "dirishani", "kizingitini", "chepechepe", "kwa kwikwi", "hospitalini", "tangu alasiri". Vipo vinane bila kuhesabu kishazi cha "kabla ya kufungua". Insha haikunyang'anywa vielezi, imechaguliwa vinavyofaa.

Kipindi cha pili: kitenzi chenye kielezi ndani yake

Kiswahili kina vitenzi vingi ambavyo tayari vimebeba namna ya tendo. Mwanafunzi asiyevijua hulazimika kuazima "sana" na "haraka" kila mahali. Gawa darasa makundi ya watu watano au sita. Kila kundi lipewe kitenzi kimoja cha kawaida na dakika 8 za kuorodhesha vitenzi vya namna mbalimbali za tendo hilo.

Kundi la "kutembea" linaweza kufikia nyata, jikokota, chechemea, pepesuka, zurura, randaranda, tambaa. Kundi la "kusema": nong'ona, foka, ropoka, bwata, lalama, payuka. Kundi la "kula na kunywa": bugia, fakamia, tafuna, onja, gugumia, piga funda. Kundi la "kuangalia": chungulia, kodoa macho, tupia jicho, kazia macho. Kundi la "kulia na kucheka": angua kilio, bubujikwa na machozi, angua kicheko, tabasamu, kenua.

Orodha hizo peke yake hazitoshi, na hapa ndipo somo linapoharibika mara nyingi. Mwanafunzi hunakili "fakamia" kama kisawe cha "kula haraka", kisha anaandika kwamba mgeni wa heshima aliufakamia wali wa harusi, akamtukana bila kujua. Kwa hiyo kila kitenzi kiigizwe. Mwanafunzi mmoja anyate kutoka mlangoni hadi ubaoni, mwingine ajikokote, wa tatu apepesuke, na darasa liseme: nani angetembea hivi, na kwa nini? Mwizi hunyata, na mama anayeogopa kumwamsha mtoto vilevile. Aliyechoka hujikokota. Mlevi na mgonjwa hupepesuka. Wakiandika kitenzi pamoja na mtendaji wake wa kawaida na sababu yake, hawatakikosea.

Mahali kitenzi kimoja hakitoshi, wafundishe kishazi cha "-ki-". Kwa maoni yetu hiki ndicho kielezi chenye manufaa makubwa zaidi katika insha ya masimulizi, na ndicho kinachofundishwa kwa uchache zaidi. Chukua wazo moja ulipitishe katika hatua nne ubaoni:

Alijibu kijeuri.
Alijibu kwa ujeuri.
Alijibu bila hata kuinua macho.
Alijibu akibetua midomo.

Sentensi mbili za mwanzo zinatoa hukumu ya mwandishi: yeye amekwisha amua kwamba mtu huyu ni mjeuri. Mbili za mwisho zinaonyesha tendo na kumwachia msomaji hukumu. Zoezi la kufanya darasani: wape virai vitano ("kwa hofu", "kwa furaha", "kwa hasira", "kwa aibu", "kwa uchovu") na kila kimoja wakigeuze kiwe kishazi chenye "-ki-", "huku a-ki-" au "bila ku-", kinachotaja kiungo cha mwili au kitu kilichoshikwa. "Aliingia kwa hofu" inakuwa "Aliingia huku akiikumbatia mikoba yake kifuani". Sharti la kiungo au kitu ni la lazima. Bila hilo watakuandikia "aliingia akiogopa", ambayo ni "kwa hofu" iliyobadilishwa umbo tu.

Kuhusu "sana" yenyewe, weka kipimo cha muda: kwa wiki mbili, "sana" isizidi mbili kwa kila ukurasa. Usiipige marufuku. Katika mazungumzo ya wahusika, katika hotuba na barua ya kirafiki ni neno la kawaida kabisa, na mhusika asiyewahi kusema "asante sana" haaminiki. Tarajia pia kwamba wajanja watabadilisha kila "sana" kuwa "mno", "ajabu" au "kupindukia". Waonyeshe kwamba "mno" hubeba maana ya kuvuka kiasi: chai yenye sukari mno ni malalamiko, chai yenye sukari nyingi huenda ni sifa.

Tanakali

Wanafunzi wengi hufika sekondari na shehena ya tanakali, yaani maneno yanayoiga sauti au hali, walizokariri shule ya msingi: lala fofofo, lowa chapachapa, jaa pomoni, nyamaza jii, anguka majini chubwi, anguka mchangani tifu, funga ndi ndi ndi, choka hoi, lewa chakari. Ni hazina, na si haki kuwakebehi kwa kuzijua. Shida ni kwamba huzimwaga tatu tatu katika aya moja ili mtahini aone wanazijua.

Kanuni inayofanya kazi ni hii: tanakali itumike pale ambapo sauti au hali yenyewe ndiyo habari. Ndoo ikianguka kisimani usiku wakati mhusika amejificha, "chubwi" ndiyo inayomfichua, kwa hiyo inastahili. Mtoto akilala fofofo katika sentensi ambayo usingizi wake haubadilishi chochote, "alilala" inatosha. Na isitumike kabisa katika ripoti, barua rasmi, kumbukumbu wala tahariri.

Kipindi cha tatu: kielezi kikae wapi

Kipindi hiki ndicho chenye kuleta msisimko darasani, na hakihitaji chochote ila kadi nne. Andika kwenye kadi maneno haya, moja moja: AMINA, ALIMSALIMU, MWALIMU, TU. Waite wanafunzi wanne mbele, kila mmoja ashike kadi yake. Watatu wa kwanza wasimame kwa mpangilio. Mwenye "TU" ahame.

"Amina tu alimsalimu mwalimu": wengine wote hawakumsalimu. "Amina alimsalimu tu mwalimu": hakufanya zaidi ya kumsalimu, labda alitarajiwa kumwomba radhi. "Amina alimsalimu mwalimu tu": wengine waliokuwapo hawakusalimiwa. Uliza darasa kila mara: nani ana haki ya kulalamika hapa? Katika sentensi ya kwanza mwalimu ana malalamiko dhidi ya darasa zima ila Amina. Katika ya tatu, wageni waliokaa kando yake ndio walionyimwa salamu.

Kisha toa "TU" na uweke "HATA". "Hata" hutangulia neno inayolilenga, "tu" hulifuata. "Hata mkuu wa shule alicheza" ni habari kuhusu mkuu. "Mkuu wa shule alicheza hata rumba" ni habari kuhusu rumba. Mwanafunzi akilishika hilo, makosa mengi ya mpangilio huisha yenyewe.

Vielezi vya wakati vina mtego wao, hasa katikati ya sentensi yenye vitenzi viwili. "Chifu alisema jana mifugo iliibwa." Alisema jana, au iliibwa jana? Dawa ni mbili, zote rahisi. Peleka kielezi mwanzoni: "Jana chifu alisema kuwa mifugo iliibwa." Au kipeleke mwishoni: "Chifu alisema kuwa mifugo iliibwa jana." Neno "kuwa" lisidondoshwe, kwa maana ndilo linaloonyesha usemi wa chifu unaanzia wapi.

Utata mwingine unatokana na umbo la "vi-". "Asha hushona viatu vizuri." Viatu ni vizuri, au ushonaji ndio mzuri? Jaribio la haraka: geuza nomino iwe umoja. Ukipata "hushona kiatu kizuri", lilikuwa kivumishi. Ukipata "hushona kiatu vizuri", lilikuwa kielezi. Katika insha mwandishi asimwachie msomaji jaribio hilo, aandike "kwa ustadi" au "viatu vinavyodumu". Kosa la kinyume ni "anaimba mzuri" na "alituongoza nzuri": mwanafunzi ameweka kiambishi cha mtu au cha nomino mahali ambapo kitenzi kinataka "vizuri". Kosa hili lina nguvu zaidi kwa wanafunzi ambao Kiswahili si lugha ya nyumbani, na huisha kwa mazoezi ya kusema kwa sauti, si kwa kanuni.

Vielezi vya mahali navyo. "Katika shuleni" na "kwenye mezani" vina alama mbili za mahali: chagua "katika shule" au "shuleni". "Shuleni letu" haipo, ni "shuleni mwetu" au "shuleni kwetu", kwa kuwa nomino ikipata "-ni" inaingia ngeli ya mahali na kivumishi kinaifuata huko. Majina ya miji hayapokei "-ni", wala watu: "kwa mama", "Mombasa".

Vinavyorudia kilichokwisha semwa

Hili lipite kwa haraka, kama zoezi la dakika 5 mwanzoni mwa kipindi. Andika ubaoni, wafute kisichohitajika: "alirudia tena", "tayari ameshafika", "kwa kawaida huwa anachelewa mara nyingi", "alipanda juu ya mti mpaka juu", "takribani wanafunzi 37 hivi". Mfano wa pili una "tayari" na "-mesha-", ambazo zinasema kitu kimoja. Wa tatu umesema mazoea mara tatu, na "hu-" pekee yake ingetosha: "huchelewa". Wa mwisho una mawili: "takribani" na "hivi" ni neno moja lililosemwa mara mbili, na 37 ni hesabu kamili isiyotaka kukadiriwa. Andika "wanafunzi 37", au "takribani wanafunzi 40".

Usiwe mkali kupita kiasi hapa. "Toka nje" na "bado hajafika" zina marudio ya aina hiyohiyo, ila ni Kiswahili cha kila siku cha watu wote, na mwalimu anayezikata atakuwa anapigana na lugha yenyewe.

Ongeza tahajia, kwa sababu vielezi hukosewa mara nyingi: "gafla" badala ya ghafla, "alafu" badala ya halafu, "badae" na "baadae" badala ya baadaye, "kwa mda mrefu" badala ya kwa muda mrefu, "marakwamara" badala ya mara kwa mara. Na "kwa" isibandikwe pasipohitajika: "ghafla" na "polepole" zinajitosheleza, "kwa ghafla" na "kwa polepole" hazina haja.

Kipindi cha nne: aina ya insha iamue

Mwanafunzi akiandika ripoti kwa vielezi vya hadithi, hata sarufi ikiwa safi ataonekana hajui anachokiandika. Wape aina tatu za insha na tukio moja: moto umeteketeza bweni la shule. Kundi la kwanza liandike mwanzo wa hadithi, la pili mwanzo wa ripoti ya kamati ya uchunguzi, la tatu aya ya mjadala kuhusu usalama wa mabweni. Dakika 12, sentensi tano.

Ripoti hutaka wakati, mahali na kiasi vilivyo wazi: "mnamo saa 2 usiku", "katika kona ya mashariki ya bweni", "kwa muda wa dakika 40". Vielezi vya namna vinavyobeba hisia, kama "kwa masikitiko makubwa" au "kikatili", havina nafasi ila ndani ya maneno ya shahidi. "Mnamo" iende na tarehe, mwaka au saa. "Mnamo jana" si sahihi. Vivyo hivyo katika maelekezo ya upishi au ya kutumia kifaa: "koroga" haitoshi, "koroga taratibu kwa dakika 5 bila kuacha" ndiyo inayomwokoa mpishi. Hapo kielezi ndicho habari yenyewe.

Mjadala ndio wenye kuhitaji muda mrefu zaidi. Vijana hupenda kudai makubwa: "Wanafunzi hawasomi kabisa siku hizi." Sentensi hiyo huangushwa na mwanafunzi mmoja tu anayesoma. Wachoree ngazi ubaoni, kutoka juu hadi chini: daima, kila mara, aghalabu, mara kwa mara, mara chache, nadra, na chini kabisa kamwe. Kila dai katika insha ya mjadala lipandishwe au lishushwe hadi kidato ambacho mwandishi anaweza kukitetea. "Wanafunzi wengi wa bweni husoma vitabu visivyo vya mtihani mara chache, hasa muhula wa tatu" ni dai dogo, lakini mpinzani atapata shida kulibomoa. Aghalabu darasa hudhani kupunguza dai ni kukubali kushindwa. Wape waandikie hoja ileile kwa "daima" na kwa "aghalabu", kisha mwenzao ajaribu kuipinga. Wataona wenyewe ipi inasimama.

Angalia pia "kamwe", "katu" na "asilani": zote hutaka kitenzi cha kukanusha. "Kamwe nitakubali" haikubaliki. Ni "sitakubali kamwe". Na "kiukweli", "kimsingi", "kiuhalisia" zinazoanzisha kila sentensi ya pili ya insha za siku hizi zipite kwenye swali la pili la kipindi cha kwanza. Mara tisa kwa kumi, ukizifuta hakuna kinachopotea.

Kusahihisha

Darasa likiwa na wanafunzi 50, kusahihisha vielezi katika insha nzima hakuwezekani, na daftari jekundu toka juu hadi chini halimfundishi mtu. Kwa insha mbili za kwanza baada ya somo hili, sahihisha vielezi katika maneno 100 ya mwanzo tu, na uwaambie mapema kwamba ndivyo utakavyofanya. Tumia herufi pambizoni badala ya kuandika jibu: Z kwa kielezi cha ziada kinachoweza kufutwa, D kwa kielezi dhaifu kinachotaka kitenzi cha nguvu, M kwa kilichokaa mahali pasipofaa, U kwa umbo lililokosewa, P kwa pengo, yaani msomaji anahitaji wakati, mahali au kiasi na hakupewa. Mwanafunzi arekebishe mwenyewe na kurudisha daftari siku mbili baadaye.

P ndiyo herufi ya kuitumia kwa ukarimu. Z na D huwafundisha kukata. P inawarudisha kwenye kuandika. Na katika kila daftari tafuta kielezi kimoja kilichofanya kazi nzuri, ukipigie alama ya vema na uandike kwa maneno matatu kwa nini: "hapa nimeona mlango". Hata insha dhaifu huwa na kimoja.

Kwa watahiniwa wa KCSE, hamishia zoezi hili kwenye saa ya mtihani. Karatasi ya insha ina saa 1 na dakika 45 kwa insha mbili za maneno yasiyopungua 400, kila moja alama 20, hivyo kila insha ina kama dakika 52. Wazoeshwe kusimamisha kalamu zikiwa zimebaki dakika 5 kwa insha, warudi nyuma wakitafuta vitu vitatu peke yake: kila "sana", kila kielezi kilichofungua aya, na kila "tu", "hata" na "pia". Wakifuta, wakate kwa mstari mmoja ulionyooka, neno lipya liandikwe juu yake kwa mwandiko unaosomeka. Mazoezi ya dakika hizo 5 yaanze muhula wa kwanza wa Kidato cha Nne, kwa saa ya ukutani, kwenye kila insha wanayoandika darasani. Mwezi wa mtihani umechelewa, maana kufikia hapo mkono umeshazoea kuandika mpaka kengele.